Stakabadhi Kumi na Moja Mfukoni mwa Aproni

Mama Pasi alikuwa na sheria moja tu dukani kwake, na hakuiandika popote: mfuko kwanza, maji baadaye. Hakuna vazi lililogusa beseni lake kabla mkono wake haujaingia kila mfuko, hata ule mdogo wa ndani ambao wenye suti wenyewe husahau kwamba upo. Kwa miaka kumi na tisa ya udobi alikuwa ametoa humo funguo, meno ya bandia, barua za mapenzi, na siku moja kifaranga kizima kinacholia. Kila kitu alikitia kwenye bahasha, akaweka alama ya mteja, akakirudisha. Barua za mapenzi alimrudishia aliyevaa nguo, si mke wake wala mume wake. "Mimi nafua nguo," alisema. "Ndoa za watu sizifui."

Sasa hebu fikiria. Jumanne, saa saba mchana, mwanamke huyo huyo anaingiza mkono kwenye maji ya sabuni, anaibua aproni yake mwenyewe, anagusa mfukoni na kukuta donge laini, zito, linaloteleza. Alisimama vile vile, mgongo umeinama, povu likimchuruzika kwenye kiwiko.

Donge lile lilikuwa stakabadhi kumi na moja za wakili wake. Kesho yake saa tatu asubuhi zilitakiwa mezani kwa msajili wa mahakama.

"Mama," aliita. "Mama, njoo uone nilichofanya."

Mama mkwe wake alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, akioanisha soksi za watu. Ndiye aliyemfundisha kazi hii, tangu Mama Pasi alipoolewa akiwa na miaka ishirini, na mume alipofariki hawakuachana; mmoja alifua, mwingine alikunja, na maneno yao yalikuwa mengi kuliko nguo. Kikongwe alisogea, akalitazama donge, akaitazama aproni, akamtazama mkwewe.

"Kinyozi hajinyoi," alisema.

Halafu akarudi kwenye kigoda na kukaa.

Ili ujue kwa nini karatasi zile zilikuwa nzito kuliko shehena ya mablanketi, inabidi turudi nyuma miezi tisa.

Mji ule ulikuwa na mabomba mazuri sana. Kilichokosekana ni maji. Mtaa wa Mama Pasi ulikaa mkavu huku bustani ya ofisi za baraza la mji ikimwagiliwa asubuhi na jioni, nyasi zinameremeta kama zimepakwa mafuta. Na dobi bila maji ni nani? Ni mtu aliyekaa na nguo chafu za wengine.

Nje ya duka lake palisimama ubao mweusi wa bei: shati kiasi hiki, suruali kiasi hiki, shuka mbili kwa bei ya moja na nusu. Siku ya tatu ya ukame aliongeza mstari chini, kwa chaki, ili wateja waelewe kwa nini wanacheleweshwa: *Siku ya 3 bila maji. Bili tumelipa.* Kesho yake akafuta tatu, akaandika nne. Hakutukana, hakutaja jina la mtu. Alihesabu tu. Watu wakaanza kupita pale kusoma hata kama hawana nguo. Siku ya ishirini na sita alijisahau kidogo, akaongeza: *Nyasi za baraza hazijambo.*

Saa nne asubuhi hiyo hiyo askari wawili wa baraza walifika, wakaubeba ubao, wakamwachia karatasi ya faini. Kosa: kuchafua sura ya mji.

"Mimi?" Mama Pasi aliuliza. "Miaka yote hii nauondolea mji huu uchafu wa shingoni na kwapani, leo ndiyo nimeuchafua?"

"Mama, sisi tumetumwa tu," alisema askari mmoja.

"Najua. Na hiyo sare yako hutumwa kwangu kila Ijumaa. Wiki hii ufue mwenyewe."

Majirani walimshauri alipe yaishe, mkono usioweza kuukata ubusu. Shemeji yake ndiye aliyekataa. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, kitinda mimba wa yule kikongwe, na mji mzima ulimwita Honi, kwa sababu alibeba abiria kwa pikipiki na hakuwa na subira hata ya kuku kuvuka barabara. Alipoiona ile faini alimwambia Mama Pasi, "Shemeji, ukilipa hii, mimi na wewe hatujuani."

"Na nisipolipa, nitampa nini wakili? Vifungo?"

Honi aliwasha pikipiki akaondoka. Jioni alirudi kwa miguu. Alikuwa ameiuza pikipiki kwa fundi mmoja, laki tisa taslimu, na hizo laki tisa akazimwaga juu ya meza ya pasi. Waliagana na fundi hivi: Honi akirudi na laki tisa kabla mwezi wa sita haujaisha, pikipiki ni yake. Ukiisha, fundi ana mtu anayempa zaidi. Tangu siku hiyo Honi alisukuma mkokoteni, akipeleka madumu ya maji mitaani, na kwa kuwa mkokoteni hauna honi, alipiga kwa mdomo. Watu walicheka. Mama Pasi alicheka nao, lakini kila alipoisikia ile "piii! piii!" ikipanda kilima kwa kuhema, pasi ilimlemea mkononi.

Kwenye laki tisa za Honi aliongeza laki mbili zake. Wakaenda kwa wakili mmoja mzee, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la rangi, asiye na kompyuta wala karani. Kila alipopokea laki moja aliandika stakabadhi kwa kalamu ya wino, akaichana, akampa. Laki kumi na moja, stakabadhi kumi na moja.

Na wakashinda! Mwanzoni mwa mwezi wa sita jaji alisoma hukumu, na kuna maneno ambayo Mama Pasi aliyashika kama mtoto anavyoshika wimbo: mtu ana haki ya kusema maji hayatoki mahali ambapo maji hayatoki. Faini ikafutwa, ubao ukarudishwa, na baraza likaamriwa limlipe gharama za kesi. Mtaa ulishangilia mpaka mbwa wakajificha. Mama Pasi alidhani pesa zitaletwa wiki hiyo hiyo, kwa gari labda.

Wakili alimkalisha chini. "Mama, jaji amesema ulipwe. Hajasema ulipwe kiasi gani. Hiyo ni kazi ya msajili. Tutaandika bili ya gharama, kila kitu na bei yake, na wao watakuja kuikwaruza kila mstari. Kila mstari uwe na karatasi yake."

"Kwani wewe huwezi kusema tu kwamba nilikulipa?"

"Mimi nitasema. Na wakili wao atasema nasema hivyo kwa sababu ni mimi niliyelipwa." Alimtazama juu ya miwani. "Wewe zilete stakabadhi. Zile zile nilizokupa, si nakala."

Asubuhi ya Jumanne Mama Pasi alizitoa kwenye kopo zilimokaa, akazitia mfukoni mwa aproni, akingoja mikono ikauke azipange vizuri. Akaingia mteja na mapazia kumi na mawili. Akaingia mwingine na koti la mvua lenye tope. Rangi ya bluu ya kufulia ikamrukia kifuani; akaivua aproni kwa hasira na kuitupa ndani ya beseni. Ni hivyo tu. Mikono iliyokagua mifuko ya mji mzima haikukagua wake.

Honi alifika na mkokoteni, akapiga piii! yake, akakuta wanawake wawili kimya. Hilo peke yake lilimtisha.

"Nani kafa?"

Mama Pasi alimwonyesha donge. Hakujaribu kujitetea.

Honi aliliinamia, akalitazama. "Kwa hiyo shemeji," alisema, "umenifulia pikipiki."

"Nisamehe."

"Na sabuni gani? Maana naona imetakata kabisa, haionekani."

"Honi, sitanii."

"Hata mimi sitanii. Nikiacha kutania nitalia, na nikilia mbele ya Mama ataniambia nikaoge." Akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Hakusema hivyo, lakini wote watatu walikuwa wameihesabu ile tisa.

Kikongwe aligonga meza kwa soksi. "Nyie mnazika mgonjwa anapumua! Mkwe wangu, unakumbuka lile shati la hariri la yule mwalimu? Lilikuja limegandana kama unga wa juzi. Ulilipasua?"

"Sikulipasua."

"Ulifanyaje?"

Mama Pasi aliinua kichwa. Kisha akasimama. Kisha akaanza kutoa amri kama nahodha, na hapo ndipo uso wake ulipochangamka tena.

"Shemeji, maji ya uvuguvugu, si ya moto. Mama, kile kitambaa cheupe cha pamba, kipande kirefu. Na pasi ya mkaa, hii ya umeme ina wazimu."

Alililaza donge ndani ya sinia lenye maji ya uvuguvugu na kuliacha. Hakulivuta. Karatasi iliyolowa ni kama mtu aliyekasirika, ukimvuta anachanika; ukimwachia, anajiachia. Baada ya nusu saa kingo zilianza kufunguka zenyewe. Akachukua sindano nene ya kushonea magunia, akaipitisha ubavuni, taratibu, huku amezuia pumzi, na karatasi ya kwanza ikateleza na kuelea.

"Moja!" Honi alipiga kelele.

"Nyamaza, unatikisa maji!"

Aliinua karatasi kwa kitambaa, kitambaa kikitangulia chini yake, akaitandaza mezani. Wote watatu wakainamisha vichwa vikagongana. Mwandiko wa wakili ulikuwa umeyeyuka, umebaki wingu la bluu hafifu. Jina halikusomeka. Kiasi hakikusomeka. Lakini juu kabisa, pembeni kulia, palikuwa na namba nyekundu, iliyopigwa chapa kiwandani, na hiyo ilikuwa pale pale inawaka: 0412.

"Wino wa kalamu huondoka," alisema Mama Pasi polepole. "Wino wa chapa hauondoki. Ni kama nembo za sare." Akamgeukia Honi. "Wakili anapoandika stakabadhi, anachana sehemu, sehemu inabaki kitabuni. Ile sehemu inayobaki ina namba hii hii. Kimbia kamuulize vishina vyake viko wapi!"

Honi aliacha mkokoteni na madumu ya watu pale pale. Alikimbia.

Mama Pasi hakumngoja. Alichemsha wanga mwepesi, mwepesi kuliko wa kola ya mtoto, akaupaka juu ya kila karatasi kwa pamba ili ipate mwili tena. Akailaza kati ya vitambaa viwili. Pasi aliitemea mate kidogo; ilipochemka alingoja, ilipolia kidogo alingoja tena, na ilipokaa kimya ndipo akaiweka juu. Hakuisukuma. Aliikandamiza, akainua, akakandamiza. Kikongwe alishika feni ya ukili na kupepea kila iliyotoka, akihesabu kwa sauti kama anapokea wageni: "Karibu ya tatu. Karibu ya nne." Ya saba ilitoka vipande viwili, wakaipanga ikakaa. Ya kumi na moja, ile iliyokuwa katikati ya donge, haikutoka. Ilikuwa imekuwa uji. Mama Pasi aliichokonoa kwa sindano mpaka akakubali.

"Kumi zimepona," alisema, "moja imetangulia."

Honi alirudi jua likianza kulegea, shati limemgandia mgongoni. "Anavyo! Vishina vyote! Lakini shemeji, yule mzee…" Alishika magoti apumue. "Kwenye kishina anaandika tarehe na kiasi tu. Jina haandiki! Anasema anawajua wateja wake kwa sura."

"Kwa hiyo vishina vyake peke yake havina jina."

"Na karatasi zako peke yake hazina chochote."

"Lakini namba zinaoana," alisema Mama Pasi, akatazama soksi zilizopangwa mapajani mwa mama mkwe wake, akaanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Saa tatu asubuhi ya Jumatano waliingia chumba cha msajili. Hakikuwa ukumbi wa mahakama. Kilikuwa ofisi yenye meza kubwa, viti sita, majalada mpaka darini na dirisha lililokwama nusu. Msajili alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, anayeongea bila kuinua macho. Upande wa pili alikaa wakili wa baraza, kijana, suti nyeusi. Mama Pasi alimwona na jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye kola: pasi ya moto kupita kiasi, kitambaa kimeng'aa kama kisogo cha sufuria. Alijitahidi kutoitazama tena.

Wakili mzee alisoma bili. Malipo ya wakili, laki kumi na moja. Ada za mahakama za kufungua kesi, elfu sitini. Nauli na nakala, elfu themanini.

"Stakabadhi za wakili," alisema msajili na kunyoosha mkono.

Mama Pasi alifungua kitambaa. Karatasi kumi zilikuwa zimelala humo zimenyooka, ngumu, kingo kali kama noti mpya. Msajili alishika moja, akaipapasa. Akaileta puani. Kwa mara ya kwanza aliinua macho.

"Mbona zinanukia sabuni?"

"Mheshimiwa, zilifuliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Wakili wa baraza aliruka juu. "Mheshimiwa, hizi si stakabadhi! Zimetiwa wanga! Zimepigwa pasi! Hakuna jina, hakuna kiasi. Hata shati langu lina maandishi zaidi ya hizi!"

"Shati lako lina alama ya kuungua," Mama Pasi alijikuta anasema. "Hapo kwenye kola. Samahani, baba. Sikukusudia."

Honi alikohoa ili asicheke, kikohozi kikawa kibaya kuliko kicheko. Msajili alitazama kola, kisha akajitia kusoma jalada kwa muda. Kisha akasema, "Mama, nieleze."

Akaeleza. Hakujua maneno ya mahakamani, kwa hiyo alieleza kama anavyoeleza mteja aliyepotezewa soksi: kosa ni langu, nilifanya hivi, nikafanya hivi, kilichobaki ni namba. Wakili mzee akaweka kitabu cha vishina mezani. Msajili akasema basi tutazisoma, yeye karatasi, karani wake vishina.

"Sifuri nne moja mbili."

Karani alifunua. "Sifuri nne moja mbili. Laki moja. Tarehe tatu mwezi wa kumi."

"Sifuri nne mbili tisa."

"Ipo. Laki moja."

Ya tatu ikaoana. Ya nne. Honi alikuwa ameshika kiti kama ameshika usukani. Ya saba, ile ya vipande viwili, msajili aliiunganisha kwa vidole vyake mwenyewe, na karani akasema "Ipo," na mtu mmoja, nadhani ni wakili mzee, akasema "Ahaa!" kwa sauti. Kumi kati ya kumi.

"Mtu hawezi kubuni namba kumi za kitabu asichokuwa nacho," alisema msajili. "Nazikubali. Ile ya kumi na moja sijaiona, sitailipa."

Laki kumi. Mama Pasi alikunja vidole vyote kumi chini ya meza.

Lakini wakili wa baraza hakuwa bure. Alikuwa na kola mbaya na kichwa kizuri. Alifungua daftari lake. Siku fulani ya mwezi wa kwanza kesi iliahirishwa kwa sababu wakili wa mama huyu alisahau miwani nyumbani. Kwa nini baraza lilipie miwani? Msajili alimgeukia mzee. Mzee alikiri. Laki moja ikakatwa.

Laki tisa. Mama Pasi alikunjua kidole kimoja.

Kisha, alisema yule kijana, mama huyu alitozwa ushauri mara mbili ndani ya siku moja, asubuhi na alasiri, kwa jambo lile lile. Msajili alisoma, akatikisa kichwa, akaandika. "Nusu ya moja naikata. Elfu hamsini."

Laki nane na nusu. Mama Pasi alimsikia Honi akivuta pumzi na kutoitoa. Kidole cha pili hakujua akikunjue nusu vipi. Laki nane na nusu si laki tisa. Na fundi hawezi kutoa gurudumu la mbele ili bei ishuke.

"Nauli na nakala," alisema msajili. "Karatasi?"

"Nilipanda mkokoteni wa shemeji, Mheshimiwa," alisema Mama Pasi. Hakuweza kudanganya hata kwa hilo. "Hatoi stakabadhi."

"Elfu themanini zote zimekatwa."

Wakili wa baraza alianza kufunga daftari. Alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayerudi kazini na habari nzuri.

"Bado ada za mahakama," alisema wakili mzee.

"Nazo tunazipinga. Stakabadhi zake zi wapi?"

Msajili alimtazama yule kijana kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi agundue kosa lake. Kisha akalifungua jalada lake mwenyewe, akapiga kidole juu ya mhuri. "Ada za mahakama zililipwa hapa, kwenye mahakama hii, kwenye dirisha pale chini. Unataka mahakama iniletee mimi uthibitisho kwamba mahakama ilipokea? Elfu sitini, nimekubali."

Mama Pasi alijumlisha. Akajumlisha tena, kwa sababu hakuamini. Laki tisa na elfu kumi.

Honi alikuwa ameshafika huko kabla yake. Alisimama katikati ya ofisi ya msajili na kutoa kwa mdomo wake, kwa nguvu zote za mapafu yaliyosukuma madumu miezi tisa, ile honi ndefu ya kuteremka mlima. Majalada mawili yalianguka.

"Huyo ni nani?" aliuliza msajili.

"Ni nauli, Mheshimiwa," alisema Mama Pasi.

Wakili wa baraza aliomba siku thelathini za kulipa. Wakili mzee aliomba saba. Msajili alimwuliza Mama Pasi ana haraka gani, naye akamwambia ukweli, habari za pikipiki na mwezi wa sita, maneno manne matano tu. Msajili akaandika saba, fedha ziletwe kwa mhasibu wa mahakama, kisha akasema bila kuinua macho, "Na mama, siku nyingine, mfuko kwanza." Wala hakuwa anajua kwamba ni msemo wa mtu.

Siku ya saba walifika dirishani saa mbili asubuhi, wote watatu. Kikongwe alikataa kubaki. Mhasibu alisema bado. Saa sita alisema bado. Saa nane alikuwa anakula, akatikisa kichwa na mdomo umejaa. Dirisha lilifungwa saa kumi. Saa tisa na nusu Honi alikuwa hawezi kukaa, akawa anazunguka nguzo moja mpaka mlinzi akamwuliza kama amepoteza kitu.

"Bado sijapoteza," Honi alisema. "Niulize saa kumi."

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili karani wa baraza aliingia getini anatoka jasho, bahasha kwapani. Alikuwa amepanga foleni tatu ofisini kwao kutafuta sahihi tatu. Mama Pasi alimpisha njia kama anampisha bwana harusi. Mhasibu alihesabu. Mama Pasi alihesabu. Kikongwe naye akahesabu, kwa kulamba kidole, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Hadi kwa fundi hawakutembea wala hawakukimbia. Walikwenda mwendo ule wa katikati ambao watu wazima hutumia wakitaka kuonekana hawakimbii. Fundi alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Toka huko!" Honi aliiambia ile miguu. "Laki tisa hizi hapa!"

Miguu ilitoka, mwili ukafuata. Fundi aliwatazama, akajifuta mikono, akazihesabu. Halafu akakuna kisogo.

"Kuna kitu kimoja. Tairi la nyuma lilikwisha. Nimeweka jipya mimi. Elfu kumi."

Honi alifungua mdomo apigane. Mama Pasi alishaitoa ile noti ya mwisho. Alimwekea fundi mkononi, akaugeuza mfuko wa gauni lake nje, mtupu kabisa, akaonyesha kila mtu, akacheka mpaka akashika mbavu. Laki zake mbili zimekwenda na hazitarudi, alijua. Atapiga pasi mashuka ya nyumba za wageni mpaka zirudi.

Pikipiki ilitolewa. Honi aliizunguka mara mbili, akapangusa tanki kwa mkono wa shati, akaipiga teke la kwanza ikakataa, la pili ikakohoa, la tatu ikaunguruma. Akakaa juu yake, akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Haya shemeji, panda," alisema. "Wa kwanza ni wewe. Bure mpaka unakufa."

"Msogeze huyo," ilisema sauti nyuma yao.

Kikongwe alikuwa ameshapandisha gauni lake mpaka magotini. Aliweka mkono kwenye bega la mwanawe, mwingine kwenye bega la mkwewe, akarusha mguu kama msichana anayeruka ua, akakaa.

"Mama!" Honi aligeuka. "Wewe si ulisema pikipiki ni jeneza lenye magurudumu?"

"Niliyasema hayo kabla haijawa ya kushinda kesi. Twende."

"Nitakwenda polepole."

"Nani kakwambia polepole?" Akampiga kofi la mgongo. "Miezi tisa nimekusikia unalia piii kwa mdomo kama mbuzi. Bonyeza ya kweli!"

Akaibonyeza. Kuku, watoto na muuza ndoo walikimbilia pembeni, na Mama Pasi akabaki katikati ya barabara akisikiliza ile sauti ikipanda kilima bila kuhema, na juu yake sauti nyingine, ya bibi wa miaka sabini na kitu, ikipiga kelele: "Ongeza! Ongeza, nakwambia!"